Nyayo za Mguu Mmoja

Mwangaluka, ndugu zangu. Bwana asifiwe kwenu mlioko mbele, na asifiwe hata kwenu mliokaa karibu na mlango ili mpate pa kutorokea mahubiri yakirefuka. Mimi naitwa Limi, wengi mnaniita Mama Kulwa. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mimi na yeye tunajua hazitatosha, kwa hiyo akae tu vizuri.

Mmeniona nikiingia na mkongojo, mguu mmoja una kiatu na mwingine una bandeji. Sikusimama hapa ili mnionee huruma. Nimesimama kusema Mungu alivyoniokoa, na nitasema yote, hata yale ambayo mzee wa kanisa angependa niyaruke.

Kwetu ni hapa nje kidogo ya Bariadi. Tunalima pamba na mahindi, na mpunga kidogo kule bondeni. Mume wangu alifariki akatuacha wajane wawili kwenye kaya moja, mimi mke mdogo na mke mwenzangu mkubwa, Nyanzobe. Najua mkisikia wake wenza mnasubiri habari za vita. Sisi hatukupigana. Nilipojifungua mapacha, Kulwa na Doto, Nyanzobe ambaye hakujaliwa mtoto alimchukua Kulwa akamfunga mgongoni kwake, mimi nikabaki na Doto. Alimbeba mpaka mtoto alipoanza kutembea. Doto sasa ameolewa Lamadi. Kulwa ni mwanamume mzima mwenye mke na ng'ombe wake, na mji wake uko hatua chache kutoka kwetu.

Nyanzobe si msemaji. Lakini mikono yake haijui kutulia. Akikaa tu anachambua pamba, anaitoa mbegu, halafu anaisokota juu ya paja iwe tambi za koroboi. Umeme umefika kijijini na bado anasokota. Tambi zake anaziweka kwenye kopo dirishani pamoja na pamba aliyokwisha kuichambua. Halafu ana macho mekundu. Ninyi ni watu wa huku, mnajua mwanamke mwenye umri akiwa na macho mekundu anavyotazamwa kuwa mchawi.

Basi, ndugu zangu, mambo yalianza mavuno ya mwaka juzi. Chumba cha pamba kilikuwa kimejaa mpaka karibu na bati. Kazi ya kushindilia mnaijua. Gunia linafungwa kwenye boriti, mtu anaingia ndani peku, mwenzake anamwagia pamba kutoka juu, na yeye anakanyaga, anakanyaga, mpaka gunia lenyewe linamtoa nje. Mkanyagaji alikuwa mimi. Wakati ule nilikuwa na mwili, mnakumbuka, mpaka mlikuwa mnanitania kwamba gunia la Mama Kulwa halihitaji mashine.

Ilikuwa saa sita mchana. Nilikuwa nimetoka kwenye gunia nikaenda jikoni kunywa maji, maana siku zile nilikuwa na kiu isiyoisha, nakunywa kata baada ya kata na koo linabaki kavu. Niliporudi chumba cha pamba nikaona nyayo sakafuni. Nyayo za damu. Zilikuwa za mguu mmoja tu, wa kushoto, hatua na nafasi, hatua na nafasi, kama mtu aliyekuwa anaruka kwa mguu mmoja ndani ya nyumba yangu.

Nikazifuata. Zilitoka kwenye gunia, zikapita mlangoni, zikavuka uwanja, zikaingia jikoni mpaka kwenye mtungi wa maji, kisha zikageuka. Nikarudi nazo. Mwili ulinisisimka, maana damu ilikuwa mbichi inang'aa na mtu simwoni. Nikamwita Nyanzobe, nikamwambia, "Dada, nani kaumia humu?"

Akasimama mlangoni na pamba yake mkononi. Akaziangalia zile nyayo moja moja, polepole, macho yakatembea nazo mpaka miguuni kwangu.

"Zimeishia hapo uliposimama, Limi," akasema.

Nikainua mguu. Mwiba wa mgunga wa kwenye boma la ng'ombe, mrefu kama kidole, ulikuwa umezama chini ya unyayo karibu na kidole gumba. Sijui niliukanyaga asubuhi au jana yake. Nilikuwa nimeutembelea, nimekanyagia pamba magunia mawili, na sikusikia kitu. Nikauchomoa kwa mkono. Haukuuma. Ndugu zangu, kuumwa tunakuogopa, lakini siku ile niliogopa zaidi kutoumwa. Nilikuwa nimeshika mguu wa mtu mwingine.

Nikaziba lile tundu kwa pamba, kama tunavyoziba sote, nikafunga kitambaa, nikarudi kazini.

Halikupona. Wiki ya kwanza nikasema ni vumbi. Nikanunua vidonge vya rangi mbili, nikavipasua nikamwaga unga juu yake. Unga ukakauka, ukawa gamba. Nikaona kidonda kimefunga, nikamshukuru Mungu hapa hapa kanisani, mkapiga makofi. Baada ya siku nne gamba likanyanyuka kama kifuniko cha sufuria, na chini yake lile tundu lilikuwa limepanuka. Likaendelea hivyo mpaka mavuno yakaisha, mpaka tukang'oa mashina ya pamba, mpaka tukaanza kuangalia mvua. Linafunga juu, linafumuka. Wengine wakaliita donda ndugu. Wengine wakanyamaza, na hao ndio walionitia hofu zaidi.

Mwili ukaanza kupungua. Magauni yakaning'inia. Macho yakawa na ukungu. Halafu wakaja sisimizi.

Bafu letu liko uani, limezungushiwa mabati. Kila nilipojisaidia haja ndogo, nikirudi baadaye nakuta msafara wa sisimizi umetoka ukutani mpaka mahali pale pale. Nyanzobe anaingia bafu hilo hilo na hakuna sisimizi anayemfuata. Nikajaribu. Nikaenda nyuma ya zizi, mahali ambapo sijawahi kwenda. Kesho yake walikuwapo. Nikahamia chini ya mti wa mnyaa. Wakaja. Siku moja nimefua kitambaa cha kidonda nimekianika kambani. Mchana wa jua kali nikaona mstari mweusi unapanda mti wa kamba, ukaipita kanga ya Nyanzobe, ukalipita shuka, ukafika kwenye kitambaa changu ukasimama hapo. Walikuwa wananijua.

Nyanzobe aliniona nimesimama naangalia. Akasogea, akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Limi, sisimizi hawa nawajua. Walimfuata na marehemu."

Mnasikia hayo maneno? Mume wetu alikauka vile vile akazimika, na kila mtu kijijini alisema ametupiwa kitu. Sasa mwanamke huyu ananiambia anawajua wadudu waliomfuata. Leo najua alikuwa ananionya. Siku ile niliona anajitapa. Nilichukua kitambaa changu na sisimizi wake, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kisha kikaja kile kilichonimaliza. Nilikuwa nimekaa kizingitini nimekunja mguu nautazama unyayo. Katikati ya kidonda nikaona kitu cheupe kinachungulia. Nikakishika kwa kucha, nikavuta. Kikaja. Nikavuta tena, kikaja. Ulikuwa uzi, ndugu zangu. Uzi uliosokotwa, wenye urefu wa kiganja changu, unatoka ndani ya nyama yangu na mimi sisikii kitu, kama mtu anayefumua sweta. Na nilipoinua macho, Nyanzobe alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, juani, mikono yake juu ya paja, anasokota.

Mzee wa kanisa, hapa ndipo usinitazame hivyo. Nilienda kwa mganga. Mimi ninayeimba sauti ya pili kwenye kwaya, nilidanganya kwamba nakwenda kusalimia ndugu, nikapanda gari la kuelekea Lalago nikashuka njiani. Mganga hakuniuliza hata jina. Aliufungua mguu, akavuta uzi mwingine, akaulaza juu ya ungo. Akauangalia muda mrefu. Akasema, "Mwenye uzi huu mnakunywa maji ya mtungi mmoja." Hakuongeza neno. Wala hakuhitaji, maana nilikuwa nimekwenda na jina la mtu tayari moyoni, nilichotaka ni mtu wa kunigongea muhuri.

Nikanunua mtungi wangu. Nikaacha kula chakula cha Nyanzobe. Alikuwa anapika, anapakua sahani mbili, anasubiri, halafu anakula moja na nyingine anaifunika. Hakuniuliza hata siku moja. Nami nikasema moyoni, mtu asiye na hatia angeuliza.

Kulwa aliona. Mtoto wa kiume akiona mama yake anakonda na ananuka hawezi kukaa kimya. Alikuja mchana mmoja anatengeneza plau kwa ajili ya msimu, anakaza nati, hanitazami. Akasema, "Mama, mganga nimeshaenda kumwona na mimi. Sema jina tu. Mengine niachie."

Nilisema, "Bado."

Mnajua "bado" maana yake nini? Maana yake sikukataa. Maana yake nililiweka jina chini ya ulimi, nikalala nalo, nikaamka nalo, nikaja nalo kanisani nikapokea nalo meza ya Bwana. Huku kwetu jina la mwanamke likisemwa hivyo, likifika kwenye masikio ya kijana mwenye uchungu, yule mwanamke hapati tena nafasi ya kujieleza. Nililijua hilo. Kijijini kwetu kuna nyumba mbili zilizobaki magofu, na watu wanazipita wakiangalia upande mwingine.

Basi ikafika Jumapili ile. Asubuhi nimeingia bafuni kuoga nije ibadani. Nikaona kidole cha pili kimekuwa cheusi. Nikakigusa, na kipande cha ngozi kikabaki mkononi mwangu kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Hakuna maumivu. Sisimizi walikuwa wamesimama mstari ukutani, wananisubiri nitoke.

Nilitoka na kanga moja. Kulwa alikuwa uwanjani anafungua ng'ombe kwenda kuwanywesha. Nikamwambia, "Nyanzobe."

Nilisema neno hilo moja tu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi, akawaswaga ng'ombe akaenda zake. Na mimi, ndugu zangu, nilivaa, nikajipaka manukato mengi, nikafunga mguu kitambaa kipya, nikapanda bodaboda nikaja hapa. Nikakaa benchi lile pale. Nikaimba.

Watu walikuwa wameanza kuniachia nafasi kwenye benchi muda mrefu, wanajisogeza kidogo kidogo kama kwamba wanatafuta hewa. Siwalaumu. Lakini siku ile nyuma yangu alikaa mama mmoja muuguzi, mshirika mwenzetu. Hapendi kutajwa, basi simtaji. Baada ya maombi watu wakitoka, akanishika mkono. Akasema, "Mama Kulwa, umejipaka manukato mazuri, ila harufu iliyo chini yake naijua ya kazini. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Nikamwambia mambo yangu si ya hospitali. Akasema, "Hayo mambo yako tutayakuta huko huko." Alishaita pikipiki.

Hospitali alinilaza kitandani, akavaa glavu, akafungua kitambaa. Akachukua kibano akaanza kuchokonoa. Akauliza, "Hapa unasikia?" Nikasema sisikii. "Na hapa?" Sisikii. Nikaona kibano chote kimezama na uso wake umebadilika. Akavuta. Ukatoka uzi. Akaulaza kwenye bakuli la bati. Akavuta, ukatoka mwingine. Nikafumba macho nikaanza kukemea kwa jina la Yesu, kwa nguvu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaitikia.

Muuguzi akasema, "Mama, ngoja kwanza. Nani alikuwekea pamba humu ndani?"

Nikasema hakuna.

"Hii ni pamba."

Nikasema, "Ni uzi wa mtu."

Akavuta tena, safari hii kitu kilikataa kidogo, halafu kikatoka na maji meusi. Akakigonga kwenye bakuli, kikalia. Akaniletea karibu na macho. Ndugu zangu, mimi nimezaliwa kwenye pamba. Mbegu ya pamba naijua kama meno yangu. Ilikuwa imelala pale na manyoya yake, imelowa, imevimba, imepasuka mdomo mdogo upande mmoja kama ile tunayoiona ardhini siku ya nne baada ya mvua. Ilitaka kuota. Ndani yangu.

Hapo nikaona dole gumba la mkono wangu mwenyewe. Nililiona wazi kabisa, siku ile ya mwiba, nimekimbilia kopo la Nyanzobe dirishani, nimechota pamba pamoja na tambi zake zilizokwisha kusokotwa, nazishindilia kwenye lile tundu kwa dole gumba, nashindilia kama gunia, mpaka damu ikakoma. Kesho yake kopo lilikuwa tupu, nikachota kwenye lundo, pamba ya shambani yenye mbegu na vumbi na dawa tuliyopulizia. Na kesho kutwa tena. Nilitoa iliyotoka, na iliyobaki ndani sikujua kama imebaki, kwa sababu mguu haukuniambia. Mganga alinielekeza kwenye mtungi, watu wakanielekeza kwa maadui, na mimi mwenyewe nilijiuliza miezi yote nani kaniwekea. Pamba sikuikumbuka. Mtu wa pamba anakumbuka vipi pamba? Ni kama kumwuliza mvuvi wa Lamadi kama leo ameshika maji.

Muuguzi akanitoboa kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kimashine cha kupimia sukari. Kimashine kikaandika herufi mbili bila namba. Akasema, "Hapo kimeshindwa kuhesabu. Sukari iko juu kuliko kinavyoweza kusoma." Akanieleza taratibu. Kwamba sukari hiyo ndiyo iliyonipa kiu na kunikausha mwili. Kwamba inaziua zile nyuzi za mwilini zinazopeleka habari za maumivu, na miguu ndiyo inayoanza kunyamaza. Kwamba inadhoofisha damu isifike vizuri penye jeraha, ndiyo maana kidonda kinafunga juu na kuoza chini. Kwamba sukari inamwagika mpaka kwenye mkojo. "Sisimizi wamekuja?" akauliza, kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha kwenu. Nikasema wamekuja. Akasema, "Wanafuata utamu tu, mama. Hawakujui wewe."

Nikamwuliza kuhusu marehemu. Akasema kama alikauka, akanywa maji sana, akafuatwa na sisimizi, basi huenda ndiyo hiyo hiyo. Nyanzobe alikuwa ameniambia. Aliwaona wakimfuata mume wetu, akawaona wakinifuata mimi, akaja kuniambia kwa sauti ndogo, nami nikafunga mlango.

Nyanzobe. Jina lile.

Nilikaa kitandani ghafla hata bakuli likaanguka. Nikampigia Kulwa. Simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani, huko anakonyweshea ng'ombe mtandao hakuna. Nikashuka kitandani. Muuguzi akanizuia, nikamwambia, "Asubuhi nimetuma mtu akaue." Sikupamba. Aliniangalia, akaufunga mguu wangu haraka, mbegu akaifunga kwenye kipande cha bandeji nilichokishika mkononi, tukapanda pikipiki mishikaki, dereva, mimi, na yeye nyuma yangu akinishikilia. Njia nzima niliomba, na maombi yangu hayakuwa na maneno mazuri. Nilisema, Bwana, chukua mguu. Chukua wote mpaka gotini. Ila awe hai.

Tulifika jua likiwa limepita utosini. Kaya ilikuwa kimya. Kuku hawakuwapo uwanjani. Ng'ombe wa Kulwa walikuwa wamesimama nje ya boma peke yao, hakuna aliyewafungia. Nikaita. Hakuna aliyeitika.

Nikaangalia chini, nikaziona tena. Nyayo za mguu mmoja, wa kushoto, damu iliyokauka. Zilikuwa za kwangu za asubuhi, nilizozikanyaga nikitoka bafuni bila kujua. Nikazifuata kwa mara ya pili katika maisha yangu. Zilivuka uwanja, zikaingia ndani, na kwenye mlango wa chumba cha pamba zikakatika. Hapo sakafu ilikuwa imelowa maji. Tambara jekundu lilikuwa limetupwa kwenye kizingiti.

Ndugu zangu, sikuwa na nguvu ya kuusukuma mlango ule. Muuguzi ndiye aliyeusukuma.

Nyanzobe alikuwa amepiga magoti na ndoo, anafuta sakafu. Kulwa alikuwa amekaa juu ya gunia, mgongo ukutani, sahani ya matobolwa mapajani. Panga lilikuwa chini, karibu na kisigino chake. Alikuwa na viazi mdomoni na hatafuni. Machozi yanamtiririka mwanamume mzima mpaka kwenye sahani.

Baadaye ndiye aliyenieleza. Alikuja kwa nyuma, akasimama mlangoni akiwa ameshika panga. Nyanzobe hakugeuka. Alisema tu, "Kulwa, hatua zako nazijua tangu ukiwa mgongoni kwangu. Chakula kile, kaa ule kwanza. Nikimaliza kufuta damu ya mama yako, utafanya ulichotumwa." Na mtoto akakaa. Akachukua kiazi. Hakuweza kukimeza.

Nilianguka pale mlangoni. Nikafungua kile kipande cha bandeji, nikaitoa mbegu, nikasema, "Kulwa, ni mimi. Pamba niliiweka mimi." Nikasema mara nyingi, sijui mara ngapi. Nyanzobe akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua ile mbegu akaiangalia kwa karibu na macho yake yale. Akasema, "Limi, kopo langu nilijua ni wewe uliyelimaliza. Niliona aibu kukuuliza."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake kwa miezi yote ile. Aliona aibu kuniuliza habari za pamba.

Nilirudishwa hospitali siku ile ile. Vidole viwili vilibaki huko, sivililii. Nachoma sindano yangu asubuhi na jioni, nakula kwa kipimo, sherehe zenu za soda mnisamehe. Kidonda bado hakijafunga chote, kimebaki kama punje ya maharage, na nimeambiwa mguu kama huu unapona kwa miezi, si kwa siku, na unataka usafi, bandeji safi, na kutoukanyagia. Magunia sasa anakanyaga mke wa Kulwa. Ewe mwenye jeraha ambalo wiki ya tatu inapita na halifungi, usiongeze unga, usiongeze pamba, usitafute jina. Nenda wakalitazame kwenye mwanga, wakupime na sukari. Omba ukiwa njiani. Mungu aliyenisikia juu ya pikipiki anasikia popote.

Mguu wenyewe hausikii mpaka leo. Kila jioni kabla jua halijazama nauweka juu ya kigoda, na Nyanzobe anashika kioo chini yake, anapitisha kidole polepole kila mahali akitafuta mwiba nisioujua. Ananiuliza, "Hapa?" Nasema sisikii. "Na hapa?" Sisikii. Namwona kwenye kioo akigusa, na sisikii, na mwili unanisisimka kila siku kama siku ya kwanza. Lakini sasa kuna mtu anayeutazama pamoja nami.

Nawashukuru mlioomba. Wabeja sana. Mchungaji, namalizia, usiangalie saa. Kama yupo hapa ndani mwenye jina chini ya ulimi, aje mbele nalo kabla hajalitoa nje. Mimi langu lilitoka, likafika, na Bwana akalikuta mlangoni. Asimwekee Mungu kazi hiyo mara mbili.

Nyanzobe, dada yangu, simama wakuone. Simama tu. Yule pale, benchi la tatu, mwenye pamba mkononi hata kanisani. Mnayaona macho yake? Ni moshi, ndugu zangu. Ni moshi wa mashina ya pamba, miaka yote hiyo akinipikia.